Fundi Matone na Kisima cha Mkunga

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa zuri tu, lakini wateja walishalisahau. Walimwita Matone, kwa sababu haondoki kwenye kazi mpaka apitishe kidole chini ya kila kiungo cha bomba na kidole kirudi kikavu. Mteja angemwambia liache hilo, Fundi, tone moja tu, litaziba lenyewe. Naye angejibu kwamba tone halijui kuziba, linajua kuongezeka, kisha angefungua kiungo chote na kuanza upya huku mteja akitazama saa.

Miaka ishirini na sita alikuwa akishusha pampu ardhini. Alianza na zile za kusukuma kwa mkono, akaingia kwenye za injini ya dizeli, na paneli za sola zilipofika akajifunza na hizo, ukubwani, kwa kusoma karatasi zinazokuja ndani ya boksi. Kazi zake nyingi zilikuwa huko ambako nguzo za umeme hazijafika: mashambani, kwenye zahanati ndogo, kwenye nyumba za wastaafu waliokimbia kelele za mji. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na mfuko wake wa vifaa ulishonwa na mke wake kwa turubai, kila spana na mfuko wake mdogo.

Mkono wa kulia ulianza kumsumbua asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Kidole gumba kilikuwa kinacheza chenyewe, taratibu, kama cha mtu anayehesabu kitu. Akadhani ni uchovu. Wiki ikapita, mwezi ukapita, kidole kikaita vingine. Baadaye mkono wenyewe ukawa mzito. Anauagiza ushike, unashika kwa kuchelewa, na ukishika haukazi.

Hakumwambia mtu. Alijifunza kuuweka mfukoni, kuukalia, kuupa spana ya kushika hata pale ambapo hapakuwa na nati ya kufungua. Mwenzake aliyefanya naye kazi miaka mingi alikuwa ameacha ufundi na kwenda kufuga kuku, kwa hiyo hapakuwa na jicho la fundi mwingine la kumkagua. Nyumbani alianza kula baada ya wenzake, akisema njaa haijamshika. Mke wake, aliyekuwa fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho karakana yake, alimtazama juu ya miwani na kuendelea kukanyaga mashine.

Ndipo ikaja kazi ya Mkunga.

Mkunga alikuwa mama wa miaka sitini na tano, mstaafu, aliyezalisha nusu ya watu wa upande ule. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja chake, kilomita nne kutoka kwenye mashine ya kusaga ambako nguzo ya mwisho ya umeme ilisimama. Aliishi na kaka yake mkubwa, mjane, ambaye alifundisha jiografia miaka thelathini na mpaka leo hakuwa amemaliza. Kila mtu alimwita Mwalimu. Kazi ya maji ilikuwa yake: kila alfajiri toroli, madumu manne, kijito kilichoko nyuma ya kilima, na kurudi akihema huku akimweleza dada yake kwa nini maji hayapandi mlima. Dada alimjibu siku moja kwamba hata yeye Mwalimu karibu hapandi tena. Ndiyo sababu walichimbisha kisima.

Kilikuwa kimechimbwa kwa mashine, mita sitini kwenda chini, bomba la plastiki la kuzuia kuta lenye upana wa kichwa cha mtoto. Maji yalisimama mita thelathini na tano. Kazi ya Matone ilikuwa kufunga paneli, kushusha pampu mpaka mita arobaini na nane, na kupandisha maji kwenye tangi ambalo mwashi alishalijengea mnara.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Walikuwa watatu: Matone, dereva wa pikapu aliyeleta vifaa na kukubali kubaki asaidie, na Mwalimu aliyesaidia zaidi kwa mdomo. Walisimamisha fremu, wakapandisha paneli nne zikitazama mahali jua linapopita, na Mwalimu akapata nafasi ya kueleza mzunguko wa dunia kwa watu waliokuwa na bolti mdomoni na hawawezi kujibu. Mkunga alileta chai. Matone alishukuru, akaiweka juu ya tofali na kuiacha ipoe hapo mpaka jioni. Mkunga alipokuja kuchukua vyombo alikitazama kile kikombe, kisha akamtazama mwenye kikombe.

Siku ya pili ilikuwa ya kushusha pampu.

Asiyeijua kazi hii anafikiri ugumu uko chini kule kwenye maji. Ugumu uko juu. Pampu ni kitu kama paja la mtu kwa urefu, chuma kitupu, kilo kumi na mbili. Inaning'inia kwenye bomba jeusi la plastiki litakalopandisha maji. Pembeni ya bomba unapita waya wa umeme. Na pembeni ya vyote ipo kamba ya usalama, iliyofungwa kwenye sikio la pampu, ili bomba likichomoka siku yoyote, hata baada ya miaka kumi, pampu ibaki inaning'inia. Ncha ya juu ya kamba hufungwa kwanza kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, kabla pampu haijaingia hata mita moja. Matone alikuwa amewaeleza wateja jambo hili mara mamia.

Alianza asubuhi kwa kuunga waya na kulikaza bomba kwenye shingo ya pampu kwa vipete viwili vya chuma, vile vinavyokazwa kwa bisibisi. Cha kwanza kilikaza. Cha pili, bisibisi iliteleza mara tatu, mara nne. Dereva aliuliza kama amsaidie. Matone alisema hapana, imetosha. Akafunga kamba kwenye sikio la pampu kwa mkono wa kushoto na meno, fundo zuri. Ile ncha ya juu akaifunga kwenye chuma kwa mkono wa kulia, haraka, maana Mwalimu alikuwa amesimama karibu anatazama.

Wakaanza kushusha. Dereva aliachia bomba, Matone aliongoza kamba, na Mwalimu akahesabu mita kwa sauti ya darasani, kwa alama za rangi walizopaka kwenye bomba. Kumi. Kumi na tano. Ishirini, na hapo akatoa maelezo kuhusu tabaka za miamba. Thelathini. Thelathini na moja.

Dereva alihisi bomba limekuwa jepesi. Palepale kamba ikamvuta Matone mkono. Mtu mwenye mkono mzima angeikamata. Kilo kumi na mbili si mzigo kwa fundi. Vidole vyake viliagizwa vikaze, na kabla havijakaza kamba ilikuwa imeshapita katikati yake ikiunguza ngozi. Ikanyooka mpaka kwenye chuma, fundo likafunguka kama la kiatu cha mtoto, na ncha ikaruka ikaingia kisimani. Waya ulikatika. Baada ya kitambo kidogo ikasikika sauti kutoka chini kabisa, nzito, ya mara moja.

Mwalimu hakuhesabu tena.

Matone alikuwa amepiga magoti kwenye mdomo wa kisima, kiganja kimechubuka. Alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu aanze ufundi. Alisema vile vipete ni vibovu, siku hizi madukani wanauza takataka, na kamba yenyewe ni ya kuteleza. Aliyasema bila kumtazama mtu. Dereva, ambaye aliiona bisibisi ikiteleza, alikwenda kuangalia tairi za pikapu.

Mkunga alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakuuliza nani kafanya nini. Alimtuma kaka yake kwa jirani mwenye karakana akaulize kama kuna kulabu yoyote ya kuopolea, safari ya nusu saa kwenda na kurudi. Kisha akachukua bakuli la maji, chumvi na kitambaa safi, akaketi kwenye kigoda mbele ya fundi.

"Lete huo mkono."

Akampa wa kulia, uliochubuka. Mkunga akauosha, akaufunga. Kisha akasema alete na wa pili, na alipokuwa na mikono yote miwili juu ya viganja vyake akainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kitu mlango wa pili. Wa kushoto ulitulia. Wa kulia ulikuwa unacheza, chini ya kitambaa.

"Umeanza lini?"

Matone alitaka kusema ni mshtuko tu wa pampu.

"Fundi," alisema Mkunga, "nimeshika mikono ya watu kwenye uchungu miaka thelathini na minne. Unaotetemeka kwa hofu naujua. Huu hauna hofu. Umeanza lini?"

Ikamtoka. Alisema mwaka na miezi minne. Alisema kuhusu vifungo vya shati, kuhusu kula peke yake, kuhusu kuuweka mfukoni kwenye misiba ili watu wadhani hataki kupeana mikono. Alisema vipete havikuwa na kosa lolote, na kamba haikuwa na kosa. Kisha akaomba maji ya kunywa, na Mkunga alimletea kwenye kikombe kikubwa, kimejazwa nusu, na Matone akakishika kwa mikono miwili mbele ya mtu kwa mara ya kwanza.

Mkunga aliuliza mama watoto anasemaje. Akajibu hajui kitu. Mkunga alitabasamu kidogo na kusema kwamba hapo ndipo anapojidanganya, ila hayo atakwenda kuyakuta mwenyewe. Akamwambia pia kuna daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja hospitali ya mkoa kila Jumatano ya pili, kwamba dawa zipo, hazirudishi mkono wa zamani lakini zinautuliza, na kwamba mwaka na miezi minne ni muda mrefu wa kuuachia ugonjwa kazi ya kuamua.

Mwalimu aliporudi mikono mitupu, Matone alisimama. Alimwambia mbele ya dereva kwamba alisema uongo kuhusu vipete na kamba. Pampu imeanguka kwa sababu ya mkono wake, mkono unaumwa, na yeye alijua unaumwa kabla hajaja. Pampu atailipa.

Mwalimu alivuta pumzi kama anayetaka kuanza somo. "Mficha maradhi," alianza.

"Kaka," alisema Mkunga.

Mwalimu akaimeza sehemu iliyobaki. Alikwenda akaokota bomba, ambalo dereva alishalivuta juu na kulilaza majanini, akalikunja vizuri, mzunguko kwa mzunguko, akalifunga. Kisha akauliza swali ambalo kwa kweli lilikuwa zuri: ile kamba ni ya plastiki, je, si inaelea?

Inaelea. Matone mwenyewe hakuwa amelifikiria, kwa aibu. Kama ile kamba bado imefungwa kwenye sikio la pampu, na fundo lile alilifunga kwa mkono mzima na meno, basi kutoka chini kisimani ilikuwa imeinuka ndani ya maji mita ishirini na zaidi, na nyingine imejikunja juu. Haihitajiki kuishika pampu. Inahitajika kuishika kamba.

Walitengeneza kulabu kwa nondo zilizobaki kwenye mnara wa tangi. Matone alichora ardhini kwa kijiti namna ya kuzikunja, dereva akazigonga juu ya jiwe, meno matatu yanayotazama juu, wakazifunga kwenye kipande kizito cha bomba la chuma. Alasiri nzima walirusha kulabu na kupandisha. Dereva alikuwa na nguvu lakini alivuta kwa haraka. Mara mbili kulabu iling'ang'ania kwenye kiungo cha bomba la kisima na karibu wapoteze na hiyo. Jua lilipoinama Matone alisema watosheke, watakuja kesho.

Alifika nyumbani taa za jirani zinawashwa. Mke wake alikuwa anapindia suruali ya shule. Matone aliketi kwenye kiti cha wateja, kile wanachokalia wanaosubiri nguo, akaweka mkono uliofungwa kitambaa juu ya meza ya cherehani, na akauacha ucheze. Mkasi mdogo uliokuwa pembeni ukaanza kulia juu ya mbao.

Mke wake aliondoa mguu kwenye mashine.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema.

Akamweleza kwamba amejua tangu mwaka jana. Vikombe anamjazia nusu, hakuona? Vifungo vya mashati yake matatu ameviondoa na kuweka vya kubana, akasema ni fasheni, na yeye akaamini. Matone aliuliza kwa nini hakusema. Mke wake alijibu kwamba mtu anapofunga mlango kwa ndani, ukiuvunja unamvunja na yeye. Halafu alikasirika, hapohapo, baada ya upole wote ule. Alisema mwaka mzima amelala na mtu anayeukalia mkono wake kama mwizi, na kwamba yeye si mteja wa kufichwa. Walikula pamoja, yeye akitumia kijiko, na walichomwaga walifuta.

Kulipokucha, mke alifunga chumba cha mbele, akaandika kwenye kipande cha boksi kwamba atarudi kesho, na akapanda kwenye pikapu katikati, kati ya dereva na mumewe, na mfuko wa turubai magotini.

Aliyeiopoa kamba alikuwa Mkunga. Dereva alijaribu mara tatu akakosa, na Mkunga, aliyekuwa amesimama kando na mikono nyuma, akasema jamani nipeni nijaribu. Matone aliketi chini karibu yake akamwelekeza. Asiivute kulabu. Aiache ishuke mpaka iguse maji, kisha aizungushe kidogo kidogo huku akipandisha. Kulabu ikinasa kwenye ukuta atahisi imegoma kama jiwe. Ikinasa kamba atahisi kama kuna mtu amemshika upindo wa nguo kwa nyuma.

Mkunga alifumba macho. Miaka yake yote alikuwa amefanya kazi na kitu asichokiona. Alizungusha, akapandisha, akashusha tena. Karibu saa nzima ikapita. Mara akasimama, mabega yakatulia.

"Kanishika," alisema.

Walivuta wote, taratibu. Kamba ilitokeza ikiwa imejisokota kama uzi uliovurugika, na mwisho wake, baada ya mita na mita, ikatoka pampu yenyewe, inachuruzika tope, imechubuka ubavuni lakini haijapinda. Fundo la kwenye sikio lake lilikuwa vilevile.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono, na mikono ilikuwa ya mke wake. Alijifunza palepale. Kumenya waya, kusokota nyuzi za shaba kila rangi na rangi yake, kuzivalisha mpira mwembamba na kuupasha moto mpaka ubane maji yasiingie. Kwa mwanamke aliyetunga uzi kwenye sindano tangu ana miaka tisa, hayo hayakuwa mageni sana. Vipete alivikaza vyote viwili, Matone akavijaribu kwa mkono wa kushoto, akamwambia aongeze robo, akaongeza. Kamba aliifunga kwenye chuma mara mbili, na kwa hiari yake akaongeza na ya tatu.

Saa nane mchana pampu ilikuwa mita arobaini na nane. Matone aliwasha swichi. Kwanza haikusikika kitu, maana pampu ya chini hailii. Baada ya dakika bomba lilianza kukohoa hewa, likatema tope jekundu, kisha maji yenye rangi ya chai, na taratibu yakaanza kutakata. Mwalimu alisimama chini ya tangi akisikiliza yakiingia. Alivua viatu, akaingiza miguu kwenye dimbwi lililojitengeneza, na hakueleza chochote. Toroli lake lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta, na alisema atalipandia mboga. Dada yake alisema mboga hazipandwi kwenye toroli. Wakabishana juu ya hilo mpaka pikapu inaondoka.

Jumatano ya pili Matone alikwenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mke wake akaingia naye ndani. Ugonjwa ulikuwa ule Mkunga aliouhofia, wa kutetemeka usiopona. Dawa zilimsaidia, si kila siku. Kulikuwa na asubuhi ambazo aliweza kufunga nati, na asubuhi ambazo hakuweza kufunga mlango. Ziko siku alikaa nyuma ya nyumba akiutazama ule mkono kama mtu anayemtazama ndugu aliyemkosea, na hakutaka kusemeshwa. Mke wake alimwacha mpaka alipoinuka mwenyewe.

Lakini kazi haikuisha. Siku tatu kwa wiki cherehani ilifunikwa, wakatoka wawili. Wateja wengine walicheka. Mmoja, mwenye shamba kubwa, alisema hawezi kuona mwanamke akiinamia kisima chake, na Matone alikusanya vifaa wakaenda zao. Baada ya wiki mbili yule bwana alipiga simu. Walioelewa waliona kwamba fundi bado ni yuleyule, anapima maji kwa uzi na jiwe, anasikiliza bomba, anaona kosa kabla halijatokea. Kilichobadilika ni nani anashika spana.

Mwaka uliofuata walikuwa kwenye zahanati moja, kazi kama zote. Mke wake alikuwa anaunga waya. Matone, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliona anapishanisha nyuzi kwa namna ambayo yeye hakumfundisha: anazigawa kila moja mahali pake, moja juu, moja chini kidogo, kama anayeunga pindo ili mshono usivimbe. Alifungua mdomo amsahihishe. Akatazama tena. Kiungo kilikuwa chembamba kuliko chochote alichowahi kutengeneza kwa miaka ishirini na saba, na palipokuwa pagumu kupita, kingepita. Aliufunga mdomo.

Hakusema kitu mpaka wako njiani kurudi, na hapo, akiangalia nje ya dirisha la pikapu, alimwambia kwamba ile namna yake ni nzuri kuliko ya kwake, na kwamba kuanzia sasa wafanye hivyo. Mke wake alisema anajua, na kwamba alikuwa akifanya hivyo tangu miezi mitatu iliyopita.